Nyamusi na Mtu Aliyeitwa Masimba

Ogeto alipoondoka kwenda chuo cha ufundi huko Meru, mama yake, Nyamusi, alivumilia miezi miwili tu, kisha akamuuza ng'ombe. Majirani wa pale Nyamache walidhani amebanwa na karo. Haikuwa hivyo. Maziwa yalikuwa yanaganda bila mnywaji, na Nyamusi alichoka kukamua asubuhi kitu ambacho jioni angemmwagia mbwa.

Ogeto alikuwa kitinda mimba. Gesare, kifungua mimba, alikuwa ameolewa na kuhamia Nairobi. Wawili wa kiume walikuwa Qatar wakilinda majengo ya watu. Binti mwingine alikuwa Nakuru. Baba yao alikuwa hai, lakini alikuwa na mji mwingine upande wa Kilgoris, na mke mwingine, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akija Nyamache kama mgeni. Atakunywa chai, ataangalia majani chai yalivyo, atauliza kama paa linavuja, ataondoka. Miaka yote hiyo Nyamusi hakuwa na nafasi hata ya kuumwa na jambo hilo. Alikuwa na vichwa vitano vya kunyoa, sare tano za kufua, na ugomvi wa kuamua kila jioni. Sasa ugomvi uliisha. Alichuma chai yake Jumatatu na Alhamisi, alikwenda jumuiya ya kanisani, alirudi, alifunga mlango. Jumapili simu zilipigwa kwa zamu. Kila mtoto alimuuliza kama amekula, naye akajibu amekula, kisha mtandao ukakatika au wakaacha ukatike.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Hakuwa mgonjwa. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwamba angeweza kukaa hivyo miaka mingine thelathini.

Mwezi wa kwanza kaka yake, Nyakundi, akalazwa katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Kisii. Sukari ilikuwa imemla mguu, na madaktari wakaukata chini ya goti. Mke wake alikwisha kufa, wanawe walikuwa mbali, kwa hiyo Nyamusi ndiye aliyekwenda kumwuguza, akilala kwa binamu yake mjini na kushinda wodini. Nyakundi hakuwa mgonjwa mwepesi. Uji ulikuwa mzito, kisha ulikuwa mwepesi. Mto ulikuwa juu, kisha ulikuwa chini.

Kitanda cha pili alilala mwanamume ambaye hakuwa akilalamika. Lori lilikuwa limemgonga mahali paitwapo Masimba, karibu na steji ya matatu, wiki ya kufungua shule, na kichwa chake kiliumia vibaya. Hakuwa na kitambulisho. Polisi walikuja wakaandika, tangazo likasomwa redioni, lakini hakuna mtu aliyejitokeza. Kwenye kadi iliyoning'inia miguuni pake paliandikwa: Mwanamume, hajulikani, Masimba. Kumwita mtu Hajulikani kuliwashinda wauguzi, wakamwita Masimba, na jina likashika. Alikuwa na umri kama wa Nyamusi, labda alimzidi kidogo. Macho yake yalifunguka na kufuata watu, lakini ulimi ulikuwa umekufa.

Siku moja Nyakundi aligoma kunywa uji. Nyamusi hakutaka kuumwaga, basi akageuka na kijiko akamjaribu huyu jirani. Masimba akameza. Ilimchukua karibu saa nzima kumaliza kikombe kimoja, nusu ikishukia kidevuni, na Nyamusi akamfuta kwa pembe ya leso yake. Kuanzia siku hiyo akawa anachemsha uji wa wimbi wa watu wawili.

Wiki ya tatu Nyakundi akafa, mchana, akiwa katikati ya kunung'unika kwamba chai haina ladha. Walimzika nyumbani kwake. Watoto wa Nyamusi walituma rambirambi, na Gesare akaja kwa siku moja.

Baada ya mazishi Nyamusi alikaa nyumbani siku tisa. Siku ya kumi akajikuta amejaza uji kwenye chupa na amesimama barabarani. Alipofika wodini alimwambia sista Kemunto, muuguzi wa zamu ya mchana, kwamba amefuata beseni lake alilosahau. Beseni lilikuwa lake kweli. Lakini alipotoka siku hiyo aliliacha tena, na Kemunto, mwanamke mnene asiye na maneno mengi, hakumwuliza kitu.

Akawa anakwenda Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Alimlisha Masimba, akamgeuza, akajifunza kusafisha vidonda vya mgongoni, vile vinavyotokana na kulala sana, ambavyo harufu yake ilikuwa inamfuata hadi nyumbani. Wakati mwingine Masimba alikuwa anamshika mkono juu ya kifundo na kuukaza hadi ukauma, na haikujulikana kama ni shukrani au ni mishipa tu. Nyamusi hakujidanganya kuhusu hilo. Alichojua ni kwamba akiwa pale alikuwa na la kufanya, na likifanyika lilionekana, na kesho yake lilikuwa likimngoja tena.

Mwishoni mwa mwezi wa pili Kemunto alimpa fungu la nguo alizokuja nazo mgonjwa, ili azifue. Koti kuukuu, suruali iliyochanwa na mkasi wa madaktari, na mfuko wa karatasi ya kaki uliokauka damu pembeni, umepigwa muhuri wa Duka la Rasiklal. Ndani ya mfuko mlikuwa na sweta mpya ya mtoto wa shule, ya kijani, yenye mistari miwili ya manjano shingoni.

Kemunto aliishika akaipima kwa macho. "Hii ni ya mtoto wa darasa la pili," alisema. "Kuna mtoto mahali anamngoja huyu."

Maneno hayo yalimwingia Nyamusi yakakaa. Usiku ule hakupata usingizi kwa kumwaza mtoto aliyekuwa anakwenda shule kwa baridi ya asubuhi, akiambiwa kila siku kwamba baba yuko njiani. Kesho yake hakwenda wodini. Alimpiga Masimba picha kwa simu siku iliyofuata, akaichukua ile sweta, akaenda dukani kwa Rasiklal.

Duka lilikuwa la sare za shule, refu na jembamba, na Rasiklal mwenyewe siku hizi alikaa ndani nyuma kwa sababu ya magoti. Aliyekuwa mbele ni mke wake, Sarla, mama wa nywele nyeupe aliyezaliwa mjini humo na kuwasalimu wateja wa mashambani kwa lugha yao. Alipoona sweta hakuhitaji hata kuangalia picha.

"Huyu mzee amepatwa na nini?" aliuliza, na Nyamusi akamweleza.

Sarla akavuta stuli akaketi. Akasema mtu huyo alikuwa anakuja kila Januari, kwa miaka mingi. Anasimama nje mpaka duka lipungue watu, ndipo anaingia, anaomba sweta moja, rangi hiyohiyo, namba ishirini na sita. Kila mwaka ishirini na sita. Shule yenyewe ilikuwa imebadilisha sare miaka sita iliyopita, ikavaa rangi ya damu ya mzee, lakini Sarla alikuwa na chache zilizobaki stoo, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akizinunua.

"Mwaka mmoja nilimwuliza, mzee, huyu mtoto wako hakui? Akaniambia, anakua polepole." Sarla aliigusa sweta kwa kidole. "Mimi sikumcheka, mama. Mwanangu Parth yuko Uingereza. Nikimtumia shati, ananitumia picha limembana."

Alikumbuka pia kwamba mzee yule alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Sotik, na kwamba shule yenye mistari ile ilikuwa moja tu, karibu na Nyacheki. Jina lake hakuwahi kulitaja.

Nyamusi alitoka pale akiwa mzito. Alikwisha kuelewa kwamba mtoto huyo alishakua zamani, lakini miguu yake haikukubali kurudi nyumbani. Ijumaa alikwenda Nyacheki. Pale shuleni mpishi, mama aliyekuwa amepika hapo tangu zamani, aliitazama picha kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Huyu ni Alfayo. Alfayo wa Ruth." Akamwonyesha njia.

Ruth alikuwa shambani kwake, katikati ya majani chai, kapu mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kanisa la Sabato. Nyamusi alisimama ukingoni akajitambulisha, akasema alikotoka na alichokuja nacho. Alieleza ajali, kitanda, ulimi uliokufa. Ruth hakuacha kuchuma. Mikono yake ilikwenda vilevile, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

Kisha akauliza, "Nani anamlisha?"

"Mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Si mtu wake. Nilikuwa namwuguza kaka yangu kitanda cha jirani."

Ruth akacheka kwa pua. Akasema Alfayo aliondoka mwaka ambao mtoto wao, Makori, alikuwa darasa la pili. Alisema anakwenda kutafuta kibarua wiki mbili. Makori sasa ana miaka ishirini na sita, ana ndevu, ana mke. Nyamusi, kwa kukosa la kufanya, akaitoa ile sweta akamweleza habari ya Sarla na Januari zote zile. Hapo ndipo mikono ya Ruth iliposimama. Aliipokea sweta, akaigeuza, akanusa.

"Mtoto wangu alisoma miaka miwili bila sweta," alisema. "Mwalimu akiita majina alikuwa anajibu huku meno yanagongana. Hizo zingine ziko wapi?"

"Sijui."

"Basi hakuna sweta." Akamrudishia. "Mume wako yuko?"

Nyamusi akasema yuko, Kilgoris, kwa mwingine.

"Akiletwa kwako hivyo, hana ulimi, anajinyea, utamlisha?"

Nyamusi aliikunja sweta upya. Aliwahi kujiuliza maswali mengi juu ya mume wake, lakini hilo hakuwahi. Ruth alimwangalia, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imetulia kabisa.

"Akiwa hai sina kitanda. Akifa mtuambie, tutamchukua. Mtu huzikwa kwake."

Makori alikuja wodini Alhamisi iliyofuata, peke yake, na Nyamusi alikuwepo kwa bahati kwa sababu mvua ilikuwa imemzuia kuchuma. Alikuwa kijana mnene wa mabega aliyeendesha trekta la kampuni moja ya ujenzi, na alikuja na buti za kazi. Kemunto akampeleka kitandani. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Alfayo alimfuata kwa macho kama alivyomfuata kila mtu. Kama alimjua, hakuna aliyeliona hilo.

Makori hakumgusa. Aliuliza kama amewahi kusema neno, akaambiwa hajawahi. Aliuliza kama atapona, Kemunto akamwambia ukweli. Mwisho akamgeukia Nyamusi.

"Walimwokota upande gani wa barabara? Wa kwenda Sotik au ule mwingine, wa kuja nyumbani?"

Nyamusi hakujua. Alisema ataulizia. Makori akatikisa kichwa kwamba si lazima, akavaa kofia, akaenda zake. Nyamusi alishuka Masimba wiki ileile kuuliza, akawazungukia wauza ndizi na vijana wa pikipiki. Mama mmoja alikumbuka kwamba mzee yule alisimama stejini muda mrefu, mfuko kwapani, magari matatu yakimpita kila upande bila yeye kupanda hata moja. Alipovuka, huyo mama alikuwa anamhesabia mteja ndizi. Aligeuka aliposikia breki. Alimwona akiwa amelala katikati ya lami. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, na Nyamusi hakuona faida ya kumpelekea Makori nusu ya jibu.

Alfayo alikufa katikati ya mwezi wa tatu, kwa homa ya mapafu, saa saba mchana, kijiko cha uji kikiwa bado kwenye kikombe. Nyamusi alimfumba macho. Kisha akampigia Ruth simu kama alivyoagizwa.

Akachukuliwa, akazikwa. Yalikuwa mazishi ya heshima, Jumatano, mahema mawili, vipaza sauti, watu wengi kuliko Nyamusi alivyotarajia. Mchungaji alihubiri juu ya baba anayerudi nyumbani. Binamu za marehemu walisimama mmoja mmoja wakasifu bidii yake na jinsi alivyoipenda familia. Makori alisoma wasifu ulioandikwa na mtu mwingine, na alipofika kwenye mstari wa kwamba marehemu aliuguzwa na familia hadi dakika ya mwisho, sauti haikumtetereka. Ruth alikaa mbele, amevaa vizuri, uso mkavu. Nyamusi alikaa safu ya nyuma, kati ya watu waliomchukulia kuwa jamaa wa mbali. Hakukasirika. Alishangaa tu kwamba alikuwa akilia, na kwamba hakuwa na uhakika anamlilia nani.

Watu walipokwenda kula Ruth alimjia. Akamshika mkono kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Asante kwa ulichofanya," alisema. "Sasa usirudi hapa, dada yangu. Si kwa ubaya. Nikikuona nitakuwa namwona yeye kitandani."

Nyamusi akamwambia ameelewa.

Ile sweta ilibaki kwake, hakuna aliyeitaka. Akaiweka kwenye sanduku la nguo, na baadaye akampa mtoto wa jirani, ambaye aliivaa kuchungia mbuzi mpaka ikaisha.

Kwa wiki tatu hakukanyaga hospitalini. Gesare akapiga simu katikati ya kipindi hicho. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili, msichana wa kazi alikuwa ametoroka, na alitaka mama aje Nairobi akae naye, hata mwaka. Ilikuwa haki yake kuomba, na Nyamusi alijua. Alifunga mfuko wake. Kisha, siku mbili kabla ya safari, Kemunto akampigia. Hakumwomba chochote. Alisema tu kwamba wameleta mwanamke kutoka sokoni, mzee, amepooza upande mmoja, hakuna anayemjua, na kwamba hakubali kulishwa na mtu yeyote.

Nyamusi alimwambia binti yake hatakuja, na alimwambia sababu, kwa kuwa hakuwa hodari wa uongo. Upande wa pili wa simu mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Kwa hiyo kumlea mjukuu wako umekataa," Gesare alisema, "lakini kuosha watu usiowajua unaweza."

Nyamusi alijaribu kueleza, akashindwa. Angewezaje kumwambia mtoto wake kwamba kule wodini hapakuwa na mtu aliyewahi kumzoea, na kwamba kijiko kimoja kikimezwa huhesabika? Kwamba kwa Gesare angekuwa tena yule mama wa siku zote, mpaka mtoto akue, aende shule, na yeye arudishwe Nyamache akiwa mzee zaidi, kuanza upya kufunga mlango? Alisema tu kwamba amechoka kulea. Hilo lilikuwa kosa. Gesare akakata simu, na Jumapili nane zikapita bila jina lake kuonekana kwenye kioo cha simu.

Mwanamke wa sokoni aliishi siku kumi na moja. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Wengine jamaa zao walipatikana na wakaja mbio wakilia, wengi hawakupatikana. Nyamusi aliacha kuwatafutia watu wao. Ikitokea Kemunto akiuliza, alisema kazi hiyo ni ya polisi. Mgongo ulianza kumsumbua kwa kugeuza wagonjwa. Kwenye jumuiya, wanawake wawili waliacha kupokea kikombe alichokishika yeye, na mwenyekiti akamshauri kwa upole ajifikirie. Chai yake ilichumwa kwa kuchelewa, ikakomaa, ikakataliwa kwenye kituo cha kununulia chai mara mbili. Aliona yote hayo. Aliendelea kwenda.

Mwezi wa nane Ogeto akaja likizo bila kutoa taarifa. Alitaka kumshtua mama. Alifika Nyamache saa nne asubuhi, Jumanne, akakuta kufuli mlangoni. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, kama alivyoizima kila mara akiwa na wagonjwa. Jirani akamkaribisha lakini alikataa. Akakaa kwenye kizingiti. Mvua ikaja ikapiga veranda yote. Nyamusi aliporudi saa kumi na moja alimkuta amejikunja na begi tumboni, amelowa mpaka soksi, mrefu kuliko alivyomkumbuka, na kwa nukta moja hakumtambua.

Ogeto hakumlaumu kwa maneno mengi. Alisema tu, "Nimekuja nyumbani, hakuna mtu."

Nyamusi akawasha moto. Alipika ugali, akachinja kuku, akapika maharagwe pia, akapika kama anapikia watano. Ogeto alikula kidogo. Alizungumza juu ya mashine za kuchomelea vyuma, naye akasikiliza asielewe. Nyamusi akaanza kumweleza juu ya mzee mmoja wa kitanda cha mlangoni, akaona kijana ameacha kutafuna, akamwongezea mchuzi. Ogeto aliomba jozi ya viatu vikavu. Alimletea vile alivyoviacha mwaka jana. Havikumwingia.

Alikaa siku tatu kati ya wiki tatu za likizo. Alisema kuna kibarua rafiki yake amemwitia Meru, na huenda ilikuwa kweli. Asubuhi ya kuondoka Nyamusi alimsindikiza hadi nyuma ya jiko, akainua jiwe bapa lililokuwa karibu na shina la ndizi.

"Ufunguo utakuwa hapa," alimwambia. "Siku yoyote utakayokuja, chukua, ingia. Usikae nje."

Ogeto akaliangalia jiwe, akasema sawa, akasema pengine Disemba, kama kazi itaruhusu. Nyamusi alisimama mpaka akamezwa na kona. Ilikuwa Ijumaa. Akaingia ndani, akakoroga uji wa wimbi, akaumimina kwenye chupa, akafunga mlango.